Kikombe cha Mama Kimetundikwa Burslem

Mashua Marigold,
Mfereji wa Trent na Mersey,
Burslem, Stoke.
14 Oktoba 2012

Mpendwa mdogo wangu Avril,

Salamu zangu zivuke bahari zote hizo zikukute huko Hobart mzima, wewe na shemeji Desmond. Goti linasemaje baada ya upasuaji? Usije ukajifanya msichana ukapanda ngazi kufuta madirisha, nakujua. Sisi hatujambo, ila mgongo wa mzee wangu Clifford unalalamika kila tukifungua malango ya mfereji yanayopandisha na kushusha mashua, na bado hataki niguse usukani.

Barua yako ya mwisho ilinichoma. Uliandika kwamba tangu Mama afariki na nyumba iuzwe, huna tena cha kurudia huku. Hata mimi sina kitu chake, hata kijiko.

Basi jana tulifunga mashua ng'ambo ya kiwanda cha vyombo vya udongo alikokuwa Mama akichora maua. Siku hizi watu huingia kutazama tu. Avril, harufu ya udongo mbichi ni ileile! Tanuri kubwa lenye umbo la chupa bado limesimama, limepoa, majani yameota shingoni. Nilisimama langoni tulipokuwa tukimngojea Mama, nikamwona kabisa anatoka, midomo ya kijani kwa kulamba ncha ya brashi. Nililia, sikufichi.

Clifford akanivuta hadi chumba cha chai. Wanatumia vikombe vya zamani vya hapohapo. Nawe unaujua ugonjwa wetu watu wa Stoke: nilikipindua changu nisome chini kimetengenezwa na nani. Kilikuwa kimejaa. Chai yote ikaishia kwenye suruali ya Clifford.

"We Beryl! Chai inanywewa juu, si chini!"

Noreen, mama anayehudumia pale, alicheka mpaka akaegemea kaunta. "Huyu wa kwetu huyu! Mgeni anakunywa, wa kwetu anapindua kwanza!"

Mimi sikucheka. Kando ya mhuri wa kiwanda palikuwa na konokono mdogo wa kijani. Konokono wa Mama, Avril, alama aliyoitia chini ya kila chombo alichokichora ili kazi yake isichanganywe na ya wenzake. Pembe moja ndefu, moja fupi, kama alivyokuwa akituchorea mkononi tulipoumwa.

Niliomba kukinunua.

"Hakiuzwi, mpenzi. Mali ya kiwanda."

Clifford akaninong'oneza, "Tia mkobani. Mimi najiangusha, wanitazame mimi."

"Nimekusikia, babu," Noreen akasema. "Na kwa suruali hiyo hufiki mbali."

Nikamweleza habari zako. Akakiosha kikombe, akakitundika kwenye ndoano iliyo peke yake nyuma ya birika.

"Hiki hatakinywea mtu mpaka mdogo wako aje. Ila mwambie asikawie. Mikono yangu hii inatetemeka, wiki hii nishavunja viwili."

Nilirudi mashuani nimenuna, nakwambia kweli. Nilikitaka. Lakini humu ndani kila kitu hugongana, kisingefika hata lango la pili. Afadhali kikae alikokichora mwenyewe. Nasi tumeamua kubaki hapa hadi baridi iishe, kitanda cha mbele kiko wazi, na nimeshanunua makaa.

Nisalimie Desmond, mwanao Gillian na watoto wake. Clifford anakusalimu sana, suruali imekauka lakini doa limegoma. Mungu alitie nguvu goti lako, likubebe mpaka kwenye ndege.

Ulisema huna cha kurudia. Kipo, mdogo wangu. Kiko kwenye ndoano, na Noreen anatetemeka. Njoo.

Dada yako akupendaye na kukungoja,
Beryl