Jagi la Kahawa la Shangazi Edith

Emmah Mayaka,
S.L.P. 118,
Rongo.

20 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Edith,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Huku tuko salama. U hali gani? Joto la Doha limepungua, au bado unatembea ukitafuta kivuli cha kuta kama ulivyotuambia? Mguu uliokuwa ukikuuma kwa kusimama kazini umepona? Tunakuombea kila jioni, na mdogo wangu Duke hasahau kuutaja huo mguu, ingawa juzi aliombea wa kushoto na mimi nakumbuka ulisema ni wa kulia.

Baba hajambo. Mama alikuwa na homa lakini sasa amerudi sokoni. Nyanya yuko imara. Bado anaamka kabla yetu sote, na bado anatukemea tukifagia uwanja vibaya. Mimi nimefunga shule na matokeo yangu si mabaya. Kemia ndiyo inayonisumbua, lakini mwalimu anasema nikiendelea hivi nitafika.

Mvua imenyesha vizuri. Miwa ya majirani imesimama, na mibuni yetu ile ya upande wa mtoni imeanza kubeba matunda. Bado ni ya kijani. Baba anasema kufikia Novemba tutakuwa na kazi ya kuchuma.

Barua hii unaletewa na Frankline, mjukuu wa Mzee Oyaro wa kanisani. Amepata kazi ya hoteli hukohuko Doha na anaondoka wiki ijayo. Tafadhali mpokee. Ni mtu mpole ila anaongea sana akiwa na woga. Ningeweza kukupigia simu, lakini simu hukatika katikati ya maneno, na haya maneno sitaki yakatike. Mwenyewe utaona sababu.

Shangazi, tulipozungumza mara ya mwisho, uliniuliza kama Nyanya yuko karibu. Nikakwambia ameenda shambani. Ukasema huenda likizo yako ya Desemba utaimalizia hukohuko, kwa sababu hujui unakuja kwa nani. Maneno hayo yamekaa nami tangu siku hiyo. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba tangu useme umeacha kazi ya nyumba na sasa unawatengenezea watu kahawa, Nyanya hajaomba simu tena. Yeye ndiye anayefundisha masomo ya afya kanisani. Huwaambia watu wasinywe kahawa wala majani ya chai, halafu binti yake ndiye anayeimimina. Hakukasirika kwa kelele. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake unakujua.

Mimi nilitaka kujua mikono yako inafanya nini siku nzima. Hilo tu. Ulikuwa umenieleza kwamba watu wa huko hupenda kahawa ya baridi, isiyopikwa, inayolowekwa ndani ya maji mpaka itoe rangi na ladha yenyewe. Nikamwomba Baba ruhusa. Alikuna kidevu, akasema, "Sisi tunailima na hatuinywi. Sioni ubaya wa kuitengeneza na kutoinywa. Lakini usimpikie nyanya yako vituko."

Nilichukua buni iliyobaki msimu uliopita, ile iliyokaukia kwenye mkeka. Niliitwanga kwenye kinu nikaondoa maganda, nikaipepeta, kisha nikaikaanga kwenye sufuria kuukuu nyuma ya jiko. Mara ya kwanza niliisaga ikawa laini kama unga wa wimbi, na kilichotoka kilikuwa matope. Nikakumbuka ulisema iwe chenga. Nikarudia. Niliiloweka Alhamisi jioni, nikaichuja Ijumaa alasiri kwa kitambaa safi cha Mama, polepole, bila kukamua, kama ulivyosema. Ilitoka nyeusi na safi. Nilikaa nikiitazama, nikawaza kwamba wewe huiona hii kila siku.

Nilikusudia Frankline aionje Jumapili akija kutusalimu kabla ya safari, aniambie kama inafanana na ya hotelini. Yeye hunywa kahawa. Babu yake hajui, kwa hiyo usitaje popote.

Sasa, hatuna friji, na unaijua kona ile ya baridi kando ya mtungi wa maji. Humo ndimo Nyanya huweka jagi lake la dawa ya majani kila Ijumaa kabla jua halijatua, ili wageni wa Sabato wapate cha kunywa bila mtu kuwasha moto. Nami niliweka langu hapohapo. Majagi yote mawili ni ya plastiki nyeupe yenye kifuniko. Mama aliyanunua pamoja. Nilimwambia Nyanya kwamba langu ni la upande wa ukuta, naye akaitikia. Lakini Mama alipofagia Ijumaa jioni aliyasogeza, na alipoyarudisha la upande wa ukuta likawa la dawa.

Unajua jinsi dawa ya Nyanya ilivyo. Nyeusi, chungu, na asali kidogo ya kumdanganya mtu. Na kahawa iliyolowekwa kwa maji baridi hainukii kama ile ya moto. Harufu yake imelala ndani.

Baada ya ibada Mzee Oyaro alikuja na wazee wengine wawili kula kwetu. Mimi na Mama tulikuwa ndani tukipakua chakula kilichopikwa Ijumaa. Nyanya mwenyewe ndiye aliyemimina, akiwa anaongea, akatia asali kama kawaida yake. Wale wawili waliomba maji. Mzee Oyaro alikunywa kikombe kizima. Nilimsikia nikiwa mlangoni na sahani:

"Yawa! Min Mayaka, leo dawa hii umeipatia. Imekomaa!"

Wewe unajua humwita Nyanya hivyo, mama yake Mayaka, yaani mama wa Baba, kwa Kijaluo chao. Nilipoona rangi iliyobaki kikombeni, nikajua ni ya jagi langu. Nyanya aliniangalia. Akaangalia jagi. Akafunua kifuniko, akasogeza pua, akakirudisha polepole.

"Oyaro," akasema, "hiyo inatosha. Leo ni kali."

"Ukali ndio dawa," akasema Mzee, na kabla hatujanyoosha mkono alikuwa amejimiminia kingine.

Shangazi, unamkumbuka Mzee Oyaro katika somo la alasiri? Husinzia kuanzia wimbo wa kwanza, na watu humwamsha ili afunge kwa maombi. Siku hiyo hakusinzia. Alikaa wima kama mtahiniwa. Aliuliza maswali. Alimsahihisha mwalimu wa somo mara kadhaa, akasoma mafungu ambayo hakuna aliyeyataka, na alipoombwa afunge, aliombea kaunti ya Homa Bay, akaja ya Migori, akavuka mpaka akaombea Tanzania. Nilimtazama Nyanya. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyezama katika maombi, lakini mabega yalikuwa yakitikisika, na alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya leso.

Sijamwona Nyanya akicheka hivyo tangu uondoke.

Jua lilipotua na Sabato ikaisha, aliniita jikoni. Nilikwenda nikiwa nimeshika mikono nyuma.

"Ile ni kahawa," akasema.

"Ndiyo, Nyanya."

"Nani alikufundisha?"

"Shangazi Edith. Kwa simu."

Akanipa mgongo. Nilidhani tumerudi palepale. Kisha akauliza, "Na haikupikwa?"

"Haikupikwa. Ni maji baridi na kungoja."

"Kungoja," akasema. Akasukuma kuni ndani. "Na huko kazini kwake, akishaimimina, anafanya nini? Anawaacha tu?"

Nikamwambia yote uliyonieleza. Nikamwambia juu ya yule mzee Mhindi anayekuja kila asubuhi kabla ya zamu yake ya ulinzi, jinsi unavyomwekea kiti karibu na feni na kumuuliza habari za wajukuu wake ambao hajawaona kwa miaka. Nikamwambia siku ile alipopata habari ya msiba ulikaa naye, na mkuu wako akakukata malipo ya saa hizo. Nyanya alisikiliza huku akichambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," akasema mwishowe. "Mgeni hangeketi hapa bila kitu mkononi. Akikosa maziwa alileta maji. Akikosa maji alileta maneno." Halafu akanigeukia. "Kwa nini hukuniambia haya mambo ya mzee?"

Nikasema, "Hukuuliza, Nyanya."

Niliogopa nimevuka mpaka. Aliosha mikono akaenda kulala bila kula.

Jumapili asubuhi alivaa viatu vya kanisani akaenda mwenyewe kwa Mzee Oyaro kumwambia ukweli. Alisema hawezi kumficha mzee wa kanisa jambo hilo hata kwa siku moja zaidi. Nilimsindikiza. Mzee alisikiliza, akaondoa kofia, akaiweka gotini.

"Ndiyo maana usiku nilihesabu mabati yote ya nyumba hii," akasema. "Mungu ameona sikujua. Lakini wewe, Min Mayaka, cha pili ulinipa ukiwa unajua!"

"Cha pili ulijimiminia mwenyewe," Nyanya akasema. "Mimi nilikwambia ni kali."

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Njiani kurudi Nyanya alikuwa mbele yangu, na nikaona hatembei kuelekea nyumbani. Anashuka mtoni, kwenye mibuni. Alisimama chini ya ule ulioupanda wewe ukiwa darasa la sita, ule uliopinda kwa sababu ulikataa ufungwe mti wa kuushikilia. Akashika tawi, akahesabu matunda kwa kidole, midomo ikitembea. Akasema mti huu ndio unaobeba kuliko yote, na kwamba kila msimu yeye huuchuma mwenyewe, hamwachii mtu.

Sikuwa najua hilo. Nadhani hata wewe hukujua.

Jana nilirudi kutoka dukani nikasikia harufu kutoka barabarani. Nilimkuta Nyanya nyuma ya jiko, kwenye sufuria ileile kuukuu, anakaanga buni. Alikuwa ameichambua kwenye ungo punje kwa punje, na hakuniruhusu nigeuze hata mara moja. Alisema mimi huziunguza upande mmoja. Hakuionja, Shangazi, na hataionja. Sitaki nikudanganye. Imani yake ni ileile. Lakini kopo atakalokupa Frankline limejazwa na mikono yake, na kitambaa kilicholifunga ni kipande cha leso yake ya zamani, ile ya maua ya zambarau uliyokuwa ukibebewa mgongoni.

Hakuisaga. Alisema hilo ni la kwako, wewe ndiye unayejua ukubwa wa chenga.

Kisha akaniambia niandike maneno haya kama alivyoyasema, nisiyarembe kwa Kiswahili cha shule. Basi nayaandika: "Mwambie mimi sinywi. Lakini akija Desemba aniwekee kiti, nikae nimtazame akifanya kazi yake."

Baba na Mama wanakusalimu. Duke anakusalimu na kuuliza kama Doha kuna ng'ombe. Mzee Oyaro anakusalimu pia, na anasema akikuona atakubali maji tu.

Mungu akulinde unaposimama na unapoketi, akupe usingizi mzuri, na akufungulie njia ya kuja nyumbani.

Nimesahau kukwambia kuhusu lile jagi la kahawa. Nyanya amelifunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kulishikia ili lisichanganywe tena. Limeoshwa, limefunikwa, na liko kwenye kona ya baridi. Duke alitaka kulichotea maji leo asubuhi, Nyanya akamwambia aliache, lina mwenyewe.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukungoja,

Emmah