Radhi ya Kuteremka Mlima

Aberdeen, Skotlandi
17 Februari 1997

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, magoti hayakusumbui, na mdogo wangu Muhsina anakusaidia kazi za nyumba badala ya kuzungumza na simu mchana kutwa. Mimi mzima, ila mguu.

Usishtuke. Kaa kitako kwanza, kisha ndo uendelee kusoma. Nimeteleza kidogo, mguu wa kulia umevunjika, nimo hospitali. Madaktari wazuri, wananilisha viazi asubuhi, mchana na jioni. Masomo yangu ya uhandisi wa mafuta hayatoharibika, mwalimu kaniletea vitabu hapa hapa kitandani. Nimekwandikia kwa sababu nikikupigia simu utalia, na mimi ntalia, na wodi nzima itanisikia.

Niombee dua.

Mwanao,
Aflah


Darsait, Maskati
3 Machi 1997

Aflah mwanangu,

Wa alaykumu salaam. Mimi sijambo, magoti yangu mazima kuliko yako.

Barua yako ilipofika nilipiga ukelele hata Bakhit wa duka la chini akapanda ngazi na fimbo, akidhani mwizi. Kufika magharibi nyumba imejaa watu wamekuja kunipa pole. Unawajua watu wetu, mgonjwa yuko Ulaya, anayekaguliwa ni mama'ke. Wananiuliza, kateleza wapi? Nkawaambia bafuni, maana mtu mwenye akili zake atateleza wapi kwengine? Nikawapa kahawa na halua, nikawahadithia sabuni za Kizungu zinavyoteleza. Mwanangu, nimeletewa mipira ya kutandika bafuni mpaka sina pa kuiweka. Bi Sayyida jirani kaleta wa rangi ya waridi, anataka nikutumie kwa posta.

Jana kanipigia Sleiman wa dada yangu, kutoka London, naye anipe pole. "Mama mdogo," ananambia, "mlima ule mkali, hata wenyewe wanauogopa." Nkamwuliza, mlima gani? Akakohoa, kisha simu ikakatika. Haikukatika wala nini, kaikata.

Bafuni kwenu mna mlima? Nieleze, na usiruke hata neno moja.

Mama'ko


Aberdeen
16 Machi 1997

Mama,

Assalamu alaykum. Natumai wewe na Muhsina hamjambo, na hasira zimepungua. Kama hazijapungua, iweke barua hii, uisome kesho.

Watu wa huku hujifunga mbao mbili ndefu miguuni, wakapandishwa mlimani kwa kiti kinachoning'inia kwenye waya, kisha wakateremka juu ya theluji. Wanaita skii. Hakuna anayewalazimisha, wanalipa wenyewe. Mimi nilianza mwaka jana. Siku ile nilikwenda mbio kuliko nnavyojua, ubao mmoja ukanasa, mwili ukaenda na mguu ukabaki. Mfupa umevunjika pawili, goti nalo kano imechanika. Wamenitia chuma na skrubu.

Kitanda cha pembeni yangu amelala mwalimu wa skuli. Mlima ule ule, na yeye anaujua tangu utotoni. Kavunjika uti wa mgongo, hatotembea tena. Nakwambia kwa sababu umetaka kila neno.

Neno la mwisho ndilo gumu. Nikipona, nataka kurudi. Juu kule, Mama, kuna kimya ambacho sijapata kukisikia popote, na ukianza kuteremka humkumbuki adui wala mtihani. Mara ya mwanzo nilikwenda bila ya kukwambia, na moyo haukutulia hata siku moja. Safari hii siendi bila ya radhi yako. Nakuomba.

Mwanao,
Aflah


Darsait
2 Aprili 1997

Aflah,

Wa alaykumu salaam. Tu wazima.

Barua yako nimeisoma mara moja, sitoirudia. Hebu nifahamishe. Kiti kinakupandisha, umekaa raha mustarehe, na kiti hicho hicho kinarudi chini kitupu, wewe unakikataa? Lahaula! Mbuzi wa Jabal Akhdhar anateremka mlima kwa sababu chini kuna majani. Wewe chini kuna nini?

Nilikuwa nimeweka nadhiri. Mwanangu akisimama, nachinja mbuzi, na yeye hapandi tena mlima maisha yake. Muhsina akanambia umeshasimama kwa magongo, basi nikachinja. Nikampelekea sheikh sehemu yake, nikamhadithia. Akatafuna, akameza, ndo akanambia, "Bi Mahbuba, nadhiri ya mtu haimfungi mwengine. Umejifunga mwenyewe na mbuzi tu." Yaani mbuzi kafa, wewe uko huru! Nkamwambia, sheikh, ungenambia kabla ya paja.

Lakini radhi ni yangu, si ya sheikh, na sikupi. Huyo mwalimu wa skuli ana mama? Kamwulize mama'ke kama alitoa radhi.

Mama'ko


Aberdeen
20 Oktoba 1997

Mama yangu,

Assalamu alaykum. Natumai u mzima, ingawa nimeshaambiwa kuwa si mzima.

Kiangazi kizima nilibaki huku kwa mazoezi ya mguu, na barua zangu hukujibu hata moja. Nikipiga simu unaniuliza kama kuna mvua, kisha unampa Muhsina. Basi Muhsina kanambia yote. Kumbe unajifunza kuendesha gari! Kumbe kwenye mtihani wa kurudi nyuma kati ya mapipa umeyagonga mapipa yote, ukapitiliza, ukaingia mtaroni, na mkono umevunjika!

Mama, kwa umri huo? Barabara za Maskati unazijua, watu wanakwenda kama wanakimbizwa, kila leo mnazika kijana. Nakuomba kwa Mungu uache. Ukitaka kwenda popote mwambie Bakhit akupeleke. Mimi huku silali kwa kukufikiria.

Mguu wangu hauna gongo tena. Wenzangu wanajitayarisha kwa Disemba, mimi nangoja neno lako. Na nitasema kweli, naogopa. Ndo maana nalitaka zaidi.

Mwanao,
Aflah


Darsait
5 Novemba 1997

Aflah,

Wa alaykumu salaam. Anayeandika ni Muhsina, mkono wangu uko kwenye plasta. Nimemwambia asipunguze neno, hata nikitukana. Mpumbavu we. (Nimeandika kama alivyosema. M.)

Kwanza, mapipa yote uongo. Mawili tu, na la pili lilikuwa limesogea.

Pili, wamekuja tena wote kunipa pole. Bi Sayyida kanambia niache, umri umepita. Bakhit kanambia niache, atanipeleka yeye. Sasa na wewe kutoka huko kwenye baridi yako. Nikawatazama, nikaona wote wananipenda, na wote natamani watoke nyumbani kwangu.

Unajua tangu afe baba'ko naishi vipi? Mji huu haendi mtu kwa miguu. Nakaa mlangoni nimeshavaa buibui langu, nangoja nichukuliwe kama mzigo wa posta. Wiki ile kabla ya mtihani mwalimu wangu, mwanamke wa Sohar asiyecheka hata umtekenye, alinipeleka Qurum, barabara ya ufukweni. Njia nyeupe, hakuna mtu. Akanambia, haya, ongeza. Nikaongeza. Aflah, nilicheka peke yangu kwa sauti, bibi mzima. Hapo nikakukumbuka wewe na mlima wako, na nikachukia kukukumbuka.

Basi nisikilize. Radhi si kinga. Ningekuwa na kinga ningekupa tangu utotoni, na usingejikwaa hata kwenye busati. Mimi naogopa, na ntaogopa mpaka niingie kaburini. Nikikupa radhi, maana yake ukivunjika sitosema "nilikwambia". Ukiletwa hapa kwenye kiti cha magurudumu, ntakuogesha na ntakulisha, na neno hilo hulisikii kinywani mwangu. Kiangazi kizima nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa nalimeza hilo, na halimezeki.

Nenda. Vaa kofia ngumu, usali kabla. Nimekuwia radhi, dunia na akhera.

Mama'ko
(Na mimi nimelia, lakini mimi si mtu wa kuulizwa. Muhsina.)


Aberdeen
22 Disemba 1997

Mama,

Assalamu alaykum. Natumai mkono umepona na mnajitayarisha kwa Ramadhani.

Nilikwenda. Nilisali, nikavaa kofia, kiti kikanipandisha mpaka juu kabisa. Nikajifunga mbao, nikatazama chini, na miguu ikaanza kutetemeka, yote miwili, hata ule mzima. Nikamwona yule mwalimu wa kitanda cha pili, uso wake ule alipoambiwa. Nikakaa chini kwenye theluji mpaka suruali ikarowa. Mwisho nikazifungua mbao, nikarudi kwa kiti. Watoto wa skuli wanapanda, mimi peke yangu nateremka, na kila kiti tunachopishana wananipungia mkono.

Mambo yamekwisha. Mwanao mzima, hana hata mchubuko. Najua utafurahi, basi furahi. Sitoandika tena habari hii.

Mwanao,
Aflah


Darsait
8 Januari 1998

Aflah mwanangu,

Wa alaykumu salaam, na Ramadhani njema. Plasta imetolewa, naandika mwenyewe, ndo maana herufi zinapepesuka.

Nilipoisoma barua yako nilisujudu pale pale ukumbini. Nikainuka, nikaisoma tena. Nikakasirika mpaka nikaihofia saumu yangu.

Kama moyo wako umeshiba mlima, acha, na mimi ntamshukuru Mola. Lakini hukuandika kama mtu aliyeshiba. Umeandika kama mtu aliyeibiwa. Mimi ni mama'ko, najua kuzisoma barua zako hata pale unaponambia unalishwa viazi.

Unajua nilivyoipata radhi ile? Nilikuzika. Nilikuona ndani ya sanda, nilikuona umelala hujui mtu, nilikuona kila namna anayoweza mtu kumwona mwanawe, na mwisho wa yote nikasema nenda. Kisha wewe umepanda nayo mpaka juu, ukarudi nayo kwenye kiti! Ati watoto wanakupungia!

Mimi Jumamosi narudi kwenye mapipa. Bi Sayyida keshaapa siku hiyo hatoki nje. Miguu yangu inatetemeka tangu leo, na sina nia ya kuingoja itulie, maana haitotulia.

Rudi juu. Teremka polepole kama bibi harusi, hakuna anayekufukuza. Na ukifika chini nipigie simu, saa yoyote, hata kama tunafuturu.

Usinipigie ukiwa juu.

Mama'ko