Nia ya Wanawake wa Pito

Pito, Sumbawanga
11 Machi 2024

Mwanangu Cornelia,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, ila goti langu bado linagombana na baridi ya huku. Kifua chako kimepona? Kunywa uji, acha soda.

Tangu uondoke na madodoso yako, kikundi chetu hakina mazungumzo mengine. Avelina ameshapima chumba cha kuweka mashine ya kusaga ulezi, ile ambayo shirika lenu litaipa kata yenye nia kubwa ya biashara. Magunia yangu sita ya ulezi yako nyuma ya mlango, uliyaona.

Ila jambo moja linaninyima raha. Ulipotuuliza nia zetu, kutoka moja hadi saba, wengi tulitaja mbili, wengine moja. Wewe umezaliwa hapa. Unajua hakuna mama wa huku atakayejitapa mbele ya wenzake kwamba yeye atafanikiwa. Mtu hutia mbegu udongoni akanyamaza. Waeleze wakubwa zako, wasije wakadhani hatutaki.

Mama yako,
Stefania

Mbeya
2 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimepona, na soda nimepunguza, usiulize kwa kiasi gani. Goti lifunge kitambaa cha joto.

Kuhusu namba, ondoa shaka. Mwisho wa kila dodoso kuna nafasi ya maelezo ya mhoji. Nitaandika pale kwamba mnauza unga tangu sijaanza shule, na kwamba mbili ya Pito ni saba ya kwingine. Mwambie mama mdogo Avelina aanze kusakafia.

Binti yako,
Cornelia

Pito
19 Julai 2024

Cornelia,

Hatujambo.

Jana tuliitwa ofisi ya kata. Mtendaji akatusomea ripoti yenu. Mashine imekwenda kata ya Mtowisa, kule bondeni. Watu wa huko walitaja saba bila kupepesa macho, na siwalaumu. Kisha akafika kwetu: wanawake wa Pito hawana nia ya ujasiriamali. Chini yake jina lako, likifuatiwa na la marehemu baba yako.

Avelina alikuwa amekaa ubavuni mwangu, kucha bado zina saruji. Alihamia benchi jingine.

Madodoso yalikuwa yameambatishwa nyuma, bila majina. Langu nililitambua kwa doa la chai. Mimi ni mshiriki namba tisa. Nafasi ya maelezo ni tupu. Nikafunua yote kumi na manne, nafasi hiyo ni tupu kote. Kwa nini?

Mama yako

Mbeya
8 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Hupokei simu zangu, ndiyo maana naandika. Goti linaendeleaje?

Bosi alisema mhoji anayetetea kwao hafai kazi hii. Nilikuwa nasubiri ajira ya kudumu. Kalamu nilikuwa nayo mkononi, mama, nikaiweka chini. Ajira nimeipata. Naona aibu, nisamehe.

Kuna mashine nyingine inakuja. Nimeweka humu madodoso mapya kumi na manne. Safari hii zungushieni saba.

Binti yako,
Cornelia

Pito
1 Septemba 2024

Ndugu Mhoji,

Salamu. Goti ni lile lile.

Madodoso yako anayo Flavian, kondakta wa basi. Tumezungushia saba kila mahali. Hata bibi yako Edith, ambaye hajainuka kitandani tangu Pasaka, ana nia kubwa ya kufungua kiwanda. Tumeshajua mnavyopenda kujibiwa.

Ulezi wangu tunausagisha mjini, kisha tunaufungasha kwa mikono kwenye kile chumba cha Avelina. Ilinichukua wiki tatu za kumpigia hodi mpaka akanifungulia. Hayo dodoso lako halikuuliza.

Umenisaliti, Cornelia. Mgeni angekosea kwa kutojua, tungemsamehe siku hiyo hiyo. Wewe ulijua, ukaweka kalamu chini, na mimi nilikuwa nakutaja kwa majivuno kila Jumapili nje ya kanisa, mimi nisiyeweza kujitaja mwenyewe.

Mwishoni mwa dodoso jipya mmeongeza nafasi ya maelezo ya mshiriki. Yangu nimeiacha tupu.

Mshiriki namba tisa