Wanalalamika Maji Yananuka, Wanalalamika Hayanuki

Mshauri wangu,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa basi ipokee hivyo hivyo, maana kwa ile picha yako ya gazetini mtu hawezi kujua, inaonekana ilipigwa zamani kidogo. Naandika nikiwa jikoni, mke wangu Emőke anapanga matango kwenye chupa za siki na kila akifunga kifuniko ananitupia jicho la kuuliza kama nimeshafika kwenye jambo lenyewe, basi jambo lenyewe ni hili: Alhamisi saa nne asubuhi nimeitwa kikaoni nikafute neno moja nililoliandika kazini, nisipolifuta sina kazi, na nikilifuta sijui nitawatazamaje watu.

Mimi ni mhudumu wa Bwawa la Tatu kwenye mabafu ya maji moto ya mji wetu, huu ni mwaka wa ishirini na sita, nina miaka hamsini na minne na kitambi ambacho hakijamdhuru mtu. Maji yetu yanatoka kwenye kisima kirefu, rangi yake ni ya chai na harufu yake ni ya yai lililochemshwa likasahauliwa, na watu wanapanda treni kuifuata hiyo harufu, wanaingia magoti yakiwa yamekakamaa, wanatoka wanatembea, wanakula lángos, ule mkate wa kukaanga, ya kitunguu saumu pale mlangoni na mafuta yanawachuruzika hadi kwenye viwiko, na kesho wamerudi.

Sasa yupo Bwana Pataki, mkaguzi mstaafu wa reli, ambaye huingia kila siku saa mbili na dakika kumi na nne, kalamu ikiwa imening'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki ili isilowe, na akitoka majini anaomba kitabu cha malalamiko, ambacho haturuhusiwi kumnyima mtu. Zamani haikuwa taabu, yeye anaandika, mimi namsalimia, tunaenda zetu. Lakini mwezi wa tatu tukapata mkurugenzi mpya, Bi. Tímea Halmos, si mtu mbaya, anatembea haraka tu, naye akatuchorea kitabuni safu mpya inayosema "Hatua iliyochukuliwa" akatuambia safu hiyo isionekane tupu hata siku moja.

Basi nikaanza kuchukua hatua, mshauri, na hapo ndipo nilipojiharibia. Jumanne aliandika maji ni ya moto mno, nikapunguza nusu ya nyuzi joto, nikaandika "Imepunguzwa". Alhamisi akaandika ni ya baridi, nikairudisha ile nusu, nikaandika "Imeongezwa". Akaandika kwamba wazee wanaocheza sataranji majini wanafikiri kwa sauti, nami nikatundika kibao cha kuwaomba wafikiri kwa sauti ya chini. Mama Rozália, ambaye ana miaka themanini na mmoja na hajashindwa mchezo pale tangu niajiriwe, akakisoma polepole kisha akaniambia, "Ambrus, mwanangu, kuna kitu nimekifikiria kuhusu kibao chako, ila siwezi kukisema kwa sauti ya chini." Akaandika tena Bwana Pataki kwamba mvua imeingia kwenye bwawa la nje bila kuoga kwanza kama kanuni inavyotaka, na mimi, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, nikaandika, "Mhudumu anafuatilia."

Lalamiko la arobaini na sita lilisema maji yananuka na yameipaka rangi taulo yake. Mshauri, nilikuwa nimechoka. Jumatatu ni siku ya kusafisha bwawa na kulijaza upya, basi nikaifunga koki ya kisima, nikafungulia maji ya bomba la mji, yale ya klorini, nikayapasha moto hadi nyuzi thelathini na sita, na kwenye safu nikaandika "Harufu imeondolewa", nikajisikia kama waziri.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi wazee wakaingia. Mama Rozália akazama hadi shingoni, akavuta pumzi puani mara mbili.

"Ambrus, makaroni yenyewe yako wapi?"

"Makaroni gani, Mama?"

"Si umetutengea maji ya kuchemshia makaroni? Hata chumvi hujatia."

Akatoka. Wote kumi na mmoja wakatoka, wakajifunga taulo, wakakaa kwenye benchi, hawaingii na hawaondoki. Akaomba kitabu, ambacho hajawahi kukigusa, akaandika maneno mawili: "Maji hayanuki." Wakaniuliza kulikoni, nami nikasema pampu imeharibika. Ndiyo, nilidanganya. Saa mbili na dakika kumi na nne akafika Bwana Pataki, akaingia peke yake, akakaa katikati, akatoka, akaandika kwamba bwawa ni tupu na mtu anajiona kama ameingia nyumba ya watu bila kualikwa.

Mchana nilifungua koki ya kisima. Kesho yake wazee wakarudi majini, harufu ikarudi, na Bwana Pataki akaandika, "Maji yananuka tena." Mshauri, nilikisoma kile kitabu nimesimama, mvuke unanipiga usoni, nikasikia kitu kinanyooka mgongoni mwangu ambacho sikujua kama bado kipo, nikachukua kalamu nikaandika kwenye safu ya hatua: "Hakuna. Maji haya hunuka." Nikaenda nyumbani kwa baiskeli naimba, Emőke akaniuliza nimekunywa nini.

Sasa Bi. Halmos anasema ama nilifute hilo "Hakuna" mbele ya Bwana Pataki na kumwomba radhi, ama nitafute kazi kwingine. Ningemwambia sifuti, ila kuna jambo linanikaba. Fundi wetu Gellért ameifungua pampu mara mbili na kuifunga akitafuta ubovu ambao haupo, na juzi aliniuliza ilikuwa inatoa mlio gani, nami nikamwigia mlio. Mtu anayeiga mlio wa pampu nzima ana haki gani ya kusimama kikaoni aseme hakuna kosa? Emőke anasema nifute, nimeze, niendelee kula. Nisaidie, mshauri, sina pa kushika.

Ambrus wa Bwawa la Tatu


Ndugu Ambrus,

Marahaba, ingawa umenizidi miezi saba. Na picha ni ya zamani kweli, zile nywele tulishaagana.

Wasomaji wangu wajue kwamba barua hii ilifika Jumatatu, gazeti linatoka Jumamosi na kikao kilikuwa Alhamisi, kwa hiyo nilifanya jambo ambalo silifanyi, nikampigia simu huyu bwana. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomwambia Jumatatu ile jioni, na kwa ruhusa yake nitaeleza pia yaliyotokea.

Umenichekesha na umeniudhi, Ambrus, tena katika sentensi zile zile. Unadhani tatizo lako ni neno "Hakuna". Hilo ndilo neno la kwanza la akili uliloandika kwenye safu ile tangu mwezi wa tatu. Siku ulipompunguzia Bwana Pataki nusu ya nyuzi joto ulimfundisha kwamba kalamu yake ndiyo koki ya bwawa, na mtu akishaonjeshwa koki haiachi. Na mvua uliifuatilia hadi wapi, baba? Hadi wingu gani? Ukawawekea wazee kibao cha kuwapangia namna ya kufikiri, kisha ukawanyang'anya maji yao, watu kumi na mmoja wenye magoti mabovu, ili mmoja mwenye taulo chafu asikuandike tena. Naye akakuandika. Mtu aliyezoea kulalamika hamalizwi kwa kupewa anachokitaka, kwa sababu hajui anataka nini, anajua tu kwamba anakutaka wewe ukimbiekimbie.

Sikulaumu sana. Mimi nilimkatia jirani yangu tawi la mti wa cheri kwa sababu ya kivuli, mwaka uliofuata akalalamikia jua. Lakini mimi sikumsingizia mashine. Hapo, Ambrus, hapo nimekununia. Kuna binadamu amelala chali chini ya pampu nzima mara mbili kwa sababu ya midomo yako. Hilo ndilo linalokukaba, wala si Bi. Halmos, na lisingetoka hata ungefuta kitabu chote.

Kwa hiyo nilikuambia hivi. Kabla ya kikao mwendee Gellért umwambie ukweli, usimtume mtu. Kikaoni useme kosa lako wewe mwenyewe, kabla hujaulizwa, useme ulibadilisha maji bila ruhusa na ulidanganya, na uwaombe radhi wazee. Bwana Pataki usimwombe radhi, hujamkosea kitu. Na neno usilifute, hata wakikuletea kifutio cha dhahabu. Ulijibu, "Na wakinifukuza?" Nikakuambia mhudumu anayejua bwawa lake kwa kulinusa hakosi kazi katika nchi yenye maji moto kila kona, na kwamba Emőke nitaongea naye mimi. Niliongea naye. Ana ulimi mkali mke wako, na amekupenda kuliko unavyostahili.

Sasa wasomaji, Ijumaa asubuhi simu yangu ililia na aliyekuwa upande wa pili alikuwa hawezi kuongea taratibu.

Ulimwendea Gellért Jumatano, Ambrus, ukiwa umejiandaa kutukanwa. Alikusikiliza, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Nilijua. Ule mlio ulioniigia ni wa trekta." Kisha akakwambia umeshamwonea vya kutosha, pampu ameifungua tena, sasa umsaidie kuirudisha mahali pake, na mkairudisha.

Alhamisi ukafika ofisini ukakuta ukumbini wazee kumi na mmoja wamesimama na majoho ya kuogea, wanadondosha maji ya rangi ya chai sakafuni, na Bi. Halmos anatafuta pa kupita. Hukuwaita. Nani kawaambia sijui, ila namshuku mwanamke mmoja wa matango. Ukaingia, ukasema kosa lako ukiwa umesimama, ukageukia mlango uliokuwa wazi ukawaomba radhi. Mama Rozália akajibu kutoka nje, "Tulijua, mwanangu. Tangu lini pampu mbovu ikatoa maji yenye klorini? Tulikuwa tunangoja uwe mwanamume."

Bi. Halmos akakupa onyo la maandishi kwa ajili ya yale maji, na amefanya vizuri, lisaini na ulitunze. Halafu akafungua kitabu, akamgeukia Bwana Pataki.

"Bwana Pataki, haya malalamiko yako karibu hamsini yote nimeyasoma jana. Unataka nitimize lipi?"

"Yote, bibie."

"Maji yawe ya moto zaidi au ya baridi zaidi?"

"Inategemea siku."

"Siku zote mbili yalikuwa nyuzi thelathini na sita, kasoro nusu uliyopewa wewe."

"Mimi siandiki kipimajoto, naandika ninavyohisi."

"Na yanuke au yasinuke?"

Hapo, uliniambia, alisema kwamba siku ile yalipoacha kunuka yeye mwenyewe goti halikutulia, ila hilo halikuwa lalamiko kwa hiyo hakuliandika. Ukumbini wazee walicheka hadi Bi. Halmos akashindwa kujizuia naye. Akafunga kitabu akasema, "Neno libaki. Na safu hii niliichora vibaya. Pasipo na kosa, hapana hatua." Hayo ni maneno ya mtu mkubwa, na nampa heshima yake hapa mbele ya mji mzima.

Lakini kilichonifurahisha mimi ni kilichofuata, maana hapo ndipo nilipojua umeelewa. Bwana Pataki aliomba kitabu pale pale. Akaandika, "Kikao kilichelewa kuanza kwa dakika tatu." Chumba kizima kikakutazama ili uandike lile neno lako, wazee walishaanza kukushangilia. Ukatazama saa ya ukutani, ukachukua kalamu, ukaandika, "Kweli. Tunaomba radhi." Ukampa kitabu asome. Akasoma mara mbili, akavua miwani, akaivaa tena, akakikubali kwa macho kama tiketi halali, akakushika mkono. Mkaguzi wa reli miaka thelathini, Ambrus, labda hakuna aliyewahi kumkubalia dakika zake.

Usilewe ushindi. Atarudi, na ataandika, na mengi yatakuwa upuuzi. Kila lalamiko lisome hadi nukta ya mwisho kabla hujalicheka. Lenye ukweli lirekebishe siku hiyo hiyo, hata likiwa limeandikwa na mtu unayemchukia. Lisilo na ukweli lijibu kwa mstari mmoja wenye adabu, kisha uliache, usilibebe kwenye baiskeli kwenda nalo nyumbani. Kibao cha kufikiri kishushe leo. Koki ya kisima usiiguse bila karatasi yenye saini. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, kwa maneno, usiige mlio wa chochote.

Jumanne ijayo mimi mwenyewe naja na goti langu la kushoto. Niwekee kabati karibu na mlango, na umwambie Mama Rozália kwamba sataranji nacheza vibaya lakini nafikiri kimyakimya.