Injini ya Mbonea Haikutoa Moshi

Jumamosi, jioni. Upepo umetuletea vumbi kutwa nzima, mpaka ugali una mchanga. Nimekaa nje ya kibanda changu hapa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, mikono inanuka petroli, na roho yangu si nzuri hata kidogo.

Niseme tu. Namwonea wivu mdogo wangu wa tumbo moja.

Mbonea ni fundi pikipiki pale Same mjini. Bwawa hili analiona akija kunisalimia. Mimi ndiye ninayelivua miaka yote, kwa mtumbwi na kafi, viganja vimeota sugu. Mwezi uliopita mvuvi mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ukerewe akatangaza kuuza injini yake ya boti, kuukuu lakini nzima. Nilikwenda kuitazama mara nyingi hadi mwenyewe akaanza kunitania kwamba nimeiposa. Nikampigia Mbonea kumsimulia, kama mtu anavyomsimulia ndugu yake jambo linalomkosesha raha. Akasikiliza, akauliza maswali mawili matatu. Wiki iliyofuata akaja, akainunua yeye, na boti ya kuifunga.

Na akanikumbatia. "Asante kwa taarifa, kaka."

Taarifa.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuiwasha. Mama ameteremka kutoka Vudee kwa ajili hiyo, na kitenge chake cha kanisani, maana kwake yeye hakuna kinachoanza kazi bila kuombewa, iwe ng'ombe, cherehani au baiskeli. Mtumbwi wangu hakuja kuuombea. Alisema magoti yanamuuma na njia ni ndefu. Leo magoti yamepona.

Boti ilikuwa imefungwa kwenye kigingi, majini kidogo tu, injini imekazwa nyuma. Wavuvi wa kambi wote wamejaa ukingoni. Mbonea akafungua tenki, akamimina petroli kutoka kwenye dumu, akafunga kifuniko.

Petroli tupu.

Pikipiki alizozoea zina oili yake peke yake, mahali pake. Injini hii haina mahali hapo. Oili yake unaichanganya humo humo kwenye petroli, na ukisahau, vyuma vinasagana vikavu mpaka inanoki, inakwama kabisa, na ikishanoki basi tena. Nayajua haya kwa sababu niliwahi kuwa kibarua kwenye boti yenye injini ya aina hiyo. Mbonea hayajui, na hakuniuliza. Fundi atamuuliza nini mvuvi?

Mama akaweka mkono juu ya injini, akasema tufumbe macho. Sala za mama yetu huwa haziishi upesi. Anaanza na waliotangulia, anapitia wajukuu mmoja mmoja, na leo hata barabara ya Vudee aliiombea. Nilikuwa na muda wote wa kusema. Sikufumba macho. Nililitazama lile tenki, na moyoni nikawa nasema, acha ife. Tubaki wote na makafi.

Amina.

Mbonea akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena na tena hadi shati likaloa jasho, na mimi nachekea moyoni, natamani iendelee kugoma. Halafu akakumbuka kuiminya ile pampu ya mpira kwenye bomba la mafuta. Akavuta. Ikawaka.

Iliwaka vizuri, nisiseme uongo. Watu wakapiga makofi, Mama akapiga vigelegele. Jirani yangu Shija akasema kwa sauti, "Mashine safi hii, haitoi hata moshi."

Haitoi moshi kwa sababu haina oili. Injini za namna hii zikiwa na afya hutoa moshi mpaka unakohoa. Pale ukingoni nilikuwa peke yangu ninayejua kwamba tunashangilia ugonjwa. Mbonea akaongeza mafuta, uso mzima meno, na mlio ukaanza kubadilika, ukawa mwembamba, mkavu.

Mikono nimeifunga kifuani. Bado kidogo tu.

"Zima," nikajikuta napiga kelele. "Mbonea, zima hiyo kitu!"

Shija akasema huo ni wivu, watu wakacheka. Mbonea hakucheka. Alinitazama, akazima. Nikaingia majini na suruali yangu, nikamweleza. Nikaenda duka la kambini nikaleta oili, nikachanganya, nikavuta kamba mwenyewe. Ikawaka na moshi wake wote. Mkono wa injini ukawa unatetemeka kiganjani mwangu, na nikakaa nao muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mbonea alisubiri, kisha akanyoosha mkono wake kwa adabu. Nikamwachia.

Mama alilia. Alisema sasa akifa leo hana wasiwasi, ameona kwa macho yake jinsi ninavyompenda mdogo wangu. Mbonea akanishukuru mbele ya watu, akanunua soda za wote. Nikanywa.

Kuna jambo sikulisema pale. Nilipopiga kelele sikumfikiria Mbonea, wala Mama. Niliisikia ile injini inaumia, nikaionea huruma injini.

Ingekuwa ng'ombe wake, au nyumba yake, au kitu chochote ambacho mimi sikitaki, ningefumbua mdomo?