Vidonge vya Dada

Jumatatu, 3 Juni

Mjomba wako Chuma ana lupasi, kama mimi! Vipimo vimetoka leo. Haya, hujambo mwanangu? Mimi mzima, viungo vimetulia, cherehani inanguruma.

Daktari aliposema tu wagonjwa wengi ni wanawake, huyo kaka yangu dereva wa lori akanuna. "Nimeze vidonge vya dada? Kesho mtanivisha gauni!" Na figo zake zimeshaanza kuguswa. Nimemwambia asubiri, nina binti maabara anayeuchungulia ugonjwa huuhuu kwa hadubini, mtaa mzima hakuna mwingine. Niandikie upesi, tena kwa lugha ya watu.

Mama yako

Jumatatu, 10 Juni

Shikamoo mama. Sijambo, na ninakula, usiulize tena.

Lupasi ni kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Mwanamke ana kromosomu X mbili, mwanamume ana X moja na Y. Seli ya mwanamke huilaza X moja, lakini sehemu zake nyingine hukataa kulala, na baadhi ya hizo huichochea kinga. Tunadhani ni sababu mojawapo ya wagonjwa tisa katika kumi kuwa wanawake. Huyo wa kumi ni mwanamume kamili, na ndevu zake. Sababu nyingine bado tunazitafuta. Mama, figo hazingoji. Namtaka kwenye mahafali yangu akiwa mzima.

Mwanao

Alhamisi, 20 Juni

Kameza! Mbele ya macho yangu! Salamu zako nimezipata, mwanangu msomi.

Barua yako nimewasomea wateja wote, mpaka muuza mkaa anazijua kromosomu. Chuma bado kanuna. Nikamwita kwenye cherehani, nikashona kitambaa kimoja, cha pili nimekikunja chini. Sindano ikakinasa na hicho cha chini.

"Ndiyo yanayotupata sisi wa X mbili."

"Na mimi wa moja?"

"Kaka, hata kitambaa kimoja huenda upogo. Ila mimi nafumua, wewe umekaa unautazama!"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Haya, lete hivyo vidonge vya dada."

Jua linamzidishia vipele, basi nimemshonea kofia pana. Maua hakutaka, nimetia moja kwa ndani, usimwambie.

Tuwekee viti vya mbele kwenye mahafali. Ukoo mzima tunakuja, Chuma ndiye dereva, Jumamosi tarehe 29 Juni.

Mama wa msomi