Wakirudi Wauzie Chai

Baba Mwelu,

Maharagwe nimeloweka, yako kwa sufuria. Vua hiyo suti ya kanisa uwashe moto.

Nimeenda Thika kuwaomba watu wa ardhi warudi. Asubuhi walipokuja kukadiria fidia ya hoteli yetu kabla ya barabara kupita hapa, walikuta umezima jiko, umefukuza wateja na kupanga viti ukutani, ati wageni wa serikali wapate mahali safi. Wakaandika: nyumba tupu, hakuna biashara. Mikono yangu imekauka kwa kukanda chapati, na sasa ni kama sikuwahi kuwa hapo.

~~Wakirudi, usiwaambie kitu.~~

Wakirudi, wauzie chai kama mteja mwingine yeyote. Ile ya chupa asubuhi uliwapa bure.

Mama Mwelu